Punda Aliyechukia Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Hofu ya Mnyama na Kuikabili Inaporudi

Punda aliyewahi kugongwa na pikipiki akiwa kwenye mkokoteni anaweza kukaa miezi hataki kusikia mlio wake. Mwenyewe atambembeleza, ikishindikana atachukua fimbo, na fimbo ikishindikana atamfunga kando ya barabara "azoee". Baada ya muda punda hutulia na watu husema amepona. Halafu siku moja, katikati ya soko, bodaboda moja tu inapita na madumu yote ya maji yako chini. Mwenye punda huona kazi yake imekwenda bure, na mara nyingi hasira zake humwishia mnyama.

Kazi haikwenda bure. Kilichotokea kimechunguzwa kwa miaka mingi, sababu zake zinajulikana, na unaweza kujipanga nacho tangu siku ya kwanza. Nimechagua punda na pikipiki kwa sababu ndiyo shida inayoonekana kila siku katika miji yetu midogo, lakini utaratibu huu unafaa pia kwa mbwa anayeogopa fataki, au ng'ombe aliyelichukia banda la kukamulia tangu alipochomwa sindano humo.

Jambo la kushika ni hili: hofu ambayo mnyama amejifunza haifutiki kirahisi. Unapomtuliza, anajifunza jambo jipya, kwamba pikipiki siku hizi haileti maumivu, na lile la zamani linabaki pale pale. Mafunzo hayo mawili hushindana kila pikipiki inapotokea. Hatua zote zinazofuata zina lengo moja, kulipa nguvu funzo jipya mahali pote ambapo punda atalihitaji.

Tumejuaje kwamba haifutiki

Wa kwanza kuliona hili kwa uangalifu alikuwa Mrusi Ivan Pavlov, yule wa mbwa na mate. Mbwa wake walipozoea kwamba mdundo fulani hufuatwa na chakula, walitoa mate kwa kuusikia tu. Pavlov akaendelea kupiga mdundo bila kuleta chakula, na mate yakapungua hadi yakakatika. Kisha akamwacha mbwa apumzike. Alipoupiga mdundo tena, mate yakarudi, wala hakuna aliyekuwa amemfundisha upya. Kama funzo la kwanza lingekuwa limefutika, yangerudi kutoka wapi?

Kwa hofu mambo ni hayo hayo. Mwaka 1979, Mark Bouton na Robert Bolles wa Marekani walifundisha panya kuogopa ishara iliyofuatwa na umeme mdogo miguuni, wakiwa ndani ya kisanduku cha aina moja. Wakawahamishia kwenye kisanduku cha aina nyingine na kuwapa ishara ile bila umeme, hadi panya wakaacha kuijali. Waliporudishwa kwenye kisanduku cha kwanza, hofu ikarudi. Somo la usalama lilikuwa limefungwa na mahali lilipofundishwa.

Miaka minne kabla ya hapo, Robert Rescorla na Donald Heth walikuwa wameonyesha njia nyingine ya hofu kurudi. Panya ambao hofu yao ya sauti ilikuwa imekwisha zimika walipigwa umeme peke yake, bila ile sauti. Siku iliyofuata sauti ikawatisha tena. Maumivu tu, hata yasipoambatana na kile kitu cha zamani, yanatosha kuiamsha hofu iliyolala.

Ndani ya ubongo pia kuna ushahidi. Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa, ndiyo inayounganisha mlio na maumivu. Mwaka 2002, Mohammed Milad na Gregory Quirk, wakifanya kazi Puerto Rico, walionyesha kwamba chembe fulani za sehemu ya mbele ya ubongo wa panya huamka pale mnyama anapokumbuka kuwa sauti haina madhara. Chembe hizo huituliza amigdala. Kwa hiyo mnyama aliyepona anayo kumbukumbu ya zamani, na anacho pia kitu kinachoizuia. Kizuizi kikilegea, kumbukumbu inajitokeza.

Wapo wanaofanana na waliofutiwa kabisa, nao ni wachanga. Jee Hyun Kim na Rick Richardson, nchini Australia, walitumia panya wa siku 17 hivi na kuona kwamba hofu ikishazimika katika umri huo, kubadilisha mahali hakuirudishi. Wiki moja tu baadaye maishani, panya huanza kuwa kama wakubwa. Mwenye mtoto wa mnyama asisubiri.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni hofu

Kabla ya mafunzo, mwite daktari wa mifugo au mkague mwenyewe kwa makini. Pitisha mkono mgongoni, mabegani na kifuani mahali mikanda inapokaa. Inua kwato moja moja. Angalia meno. Punda mwenye kidonda chini ya mkanda huumia kila anaposhtuka na kuvuta ghafla, na kila maumivu yanathibitisha kwamba pikipiki ni mbaya. Mafunzo yoyote juu ya kidonda kibichi ni kumfundisha woga kwa bidii. Tibu kwanza.

Punda haonyeshi hofu kama farasi. Mara nyingi farasi hukimbia, punda huganda. Anasimama, masikio yanaelekea kitu kimoja, shingo inakakamaa, anaacha kutafuna, mkia unabanwa. Watu huita huo ukaidi na kumchapa. Tafadhali usimchape. Fimbo katika dakika ile inaongeza maumivu juu ya mlio, ndiyo mchanganyiko ule ule uliomfundisha kuogopa. Dalili nyingine ni pua kupanuka, weupe wa jicho kuonekana na pumzi kwenda mbio. Punda mzima aliyetulia hupumua takriban mara 20 kwa dakika. Hesabu ubavu unavyopanda siku ambayo hana shida yoyote, uandike, upate cha kulinganisha.

Hatua ya pili: igawe pikipiki vipande

Kwa punda, pikipiki ni vitu vingi vilivyokuja pamoja: sura, mlio wa injini, honi, mwendo wa kutokea nyuma, harufu ya moshi, taa, na mtu aliyevaa helmeti. Chunguza kipi kinamsumbua zaidi. Sukuma pikipiki iliyozimwa mbali naye na umtazame. Siku nyingine, mtu aliyevaa helmeti apite bila pikipiki. Siku nyingine, mlio usikike kutoka nyuma ya ukuta.

Pengine utagundua kwamba hofu imeenea hadi kwenye vitu ambavyo havijawahi kumdhuru, kama mashine ya kusaga, jenereta au pampu ya maji. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na maabara zimeonyesha hivyo hivyo: mnyama aliyejifunza kuogopa sauti moja huogopa na zinazofanana nayo, kwa kadiri ya kufanana kwake. Hili litakufaa. Anza na kile kinachofanana kidogo, kisha usogee polepole kuelekea chenyewe.

Andika vipande vyako kuanzia chepesi hadi kizito. Cha mwisho karibu siku zote ni pikipiki yenye mwendo inayotokea nyuma, kwa sababu macho ya punda yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa.

Hatua ya tatu: tafuta umbali wa kutafuna

Chagua uwanja wa wazi anaoujua, mbali na barabara. Punda asiwe na mkokoteni wala mzigo. Mvalishe hatamu na kamba ya mita 3 au 4, na kamba usiizungushe mkononi hata kidogo, maana akitimka atakuburuta. Simama ubavuni karibu na bega. Mbele yake ni hatari, nyuma yake ndiyo kabisa. Awe ameshakula majani yake ya kawaida. Mnyama mwenye njaa kali atakula huku anatetemeka, na kipimo chako kitakudanganya.

Sasa pikipiki iliyozimwa isimame mbali, tuseme mita 60. Mpe kipande cha karoti. Anakitafuna? Umbali huo unafaa. Masikio kugeuka kuitazama si tatizo, hata tunayataka yageuke, kwa sababu asipoitambua pikipiki hajifunzi chochote kuihusu. Ukimwona anakinyakua kipande kwa pupa, anakiangusha au anaacha kutafuna, umesogea mno. Rudi nyuma mpaka mdomo ulegee.

Kipimo hicho nakiamini kuliko kingine chochote. Umbali wa jana hauna maana leo. Mdomo wake ndio utakaokuambia uanzie wapi.

Hatua ya nne: mlio kwanza, karoti baadaye

Hapa wengi hukosea, na nitapachambua zaidi.

Kumtuliza mnyama kwa chakula si jambo geni. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimsaidia mtoto mdogo aliyeogopa sungura kwa kumsogeza sungura kidogo kidogo mtoto akiwa anakula kitu anachokipenda. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alikuwa na paka waliopata woga wa kizimba kiasi cha kukataa kula ndani ya chumba kile. Akawalisha kwanza katika chumba kisichofanana nacho, kisha kinachofanana kidogo, kisha zaidi, hadi wakala ndani ya kizimba chenyewe. Hatua zetu zimetokana na kazi za watu hao.

Lakini zingatia utaratibu. Ukitoa karoti halafu pikipiki ikawaka, na ukarudia hivyo kila mara, punda atagundua kwamba karoti ndiyo taarifa ya hatari, na ataanza kuikataa hata karoti. Inatakiwa iwe kinyume: injini iwake, hesabu moja, mbili, kisha karoti. Injini ikiendelea kunguruma, vipande vidogo viendelee kimoja baada ya kingine. Injini ikizimwa, karoti nazo zikome na mfuko ufungwe. Baada ya kurudia utaona jambo la kupendeza: mlio unaanza, na badala ya kuganda, punda anageuza kichwa kuutafuta mkono wako. Ukiliona hilo ujue kitu kipya kimeingia kichwani.

Unahitaji mwendesha bodaboda mwenye subira. Mlipe mafuta na muda wake, na muelewane kabla ya kuanza. "Kaka, hakuna honi, hakuna resi, na ukiona nimeinua mkono, zima." Akiwa mtu wa kujionyesha, tafuta mwingine. Kupigwa resi moja karibu na punda kunaweza kukugharimu kazi ya wiki nzima.

Kipindi kiwe dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku. Kila mlio uwe mfupi, wenye mapumziko kati yake. Funga kipindi punda akiwa bado ametulia, hata ukijisikia kuendelea. Vipande viwe vidogo kama ncha ya kidole. Punda hunenepa haraka na vitamu vingi vinamdhuru. Pasipo karoti, maganda ya ndizi yanafaa sana.

Kumfunga kando ya barabara kuu hadi achoke, siikubali kabisa njia hiyo. Punda wa namna hiyo atavuta, atajikata kwa kamba, kisha atasimama kimya kichwa kikiwa chini. Kimya kile ni cha mnyama aliyekata tamaa. Jaribu kumpa karoti uone kama ataigusa. Na siku kamba itakapofunguka, mbio zake zitakuwa kali kuliko za mwanzo.

Pia, wakati wote wa mafunzo mwepushe na barabara yenye pikipiki. Kila akikurupuka na pikipiki ikapita zake, yeye huona kukimbia ndiko kulikomwokoa, na hofu haipati nafasi ya kujaribiwa. Ikibidi atoke, mtoe alfajiri barabara ikiwa tupu.

Hatua ya tano: sogea, lakini jambo moja kwa wakati

Punguza umbali kwa mita chache. Ukiongeza ugumu wa upande mmoja, punguza wa mwingine. Pikipiki ikianza kutembea kwa mara ya kwanza, irudishe mbali. Ikija kutokea nyuma kwa mara ya kwanza, ije polepole na kutoka mbali zaidi. Kipindi kikienda vizuri mara mbili au tatu mfululizo, panda ngazi inayofuata.

Kila asubuhi anzia nyuma ya pale ulipoishia jana. Hii ni ile habari ya Pavlov: baada ya mapumziko hofu hurudi kiasi, hata kama hakuna baya lililotokea. Mwenye punda asiyelijua hili huanzia palepale pa jana, punda anashtuka, naye anadhani mafunzo hayafanyi kazi. Anzia mita kadhaa nyuma, mwache akumbuke, na baada ya milio michache atakuwa amefika pa jana, mara nyingi kwa haraka zaidi.

Hatua ya sita: lihamishe somo

Ukinisikiliza kwa hatua moja tu, iwe hii. Watu wengi huishia hatua ya tano na kutangaza ushindi, ilhali punda amejifunza kwamba pikipiki haina madhara katika uwanja huu, saa za asubuhi, na kaka yule mwenye pikipiki nyekundu, punda mwenzake akiwa karibu na mgongo ukiwa mtupu. Sokoni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Hofu ya zamani husafiri hadi mahali pageni kwa urahisi. Somo la usalama ndilo linalobaki nyuma. Ndicho walichokiona Bouton na Bolles, na kutumia chakula hakukuepushi nacho, kwani woga ulioondolewa kwa chakula nao umeonekana kurudi mahali panapobadilika.

Dawa yake ni kufundishia mahali pengi. Mwaka 1998 Lisa Gunther, James Denniston na Ralph Miller walionyesha kwamba panya ambao hofu yao ilizimwa katika mazingira kadhaa tofauti hawakurudiwa nayo sana walipopelekwa mahali papya, wakilinganishwa na waliofundishwa mahali pamoja. Kwa hiyo rudia hatua ya nne na ya tano kwenye njia ya kisimani, nyuma ya nyumba, kando ya barabara ya vumbi isiyo na msongamano, na mwishowe pembeni mwa soko siku isiyo ya gulio. Badilisha saa. Badilisha pikipiki na mwendeshaji. Mtu mwingine ashike kamba. Kila ukihama, anza tena kutoka mbali. Mara hizi utasogea upesi.

Mwenzake nitamtaja peke yake, kwa kuwa punda ni mnyama wa urafiki mkubwa. Kuwapo kwa punda mwingine aliyetulia husaidia sana siku za mwanzo, na ningekushauri umtumie. Lakini naye ni sehemu ya mazingira. Ukifika nusu ya safari anza kumweka mbali kidogo, kisha afichwe pembeni, kisha fundisha vipindi kadhaa bila yeye. Na uwe umepanga siku ya kumfundisha akiwa amevaa mikanda, siku ya mkokoteni mtupu, na siku ya mzigo mwepesi, kwa sababu aligongwa akiwa kwenye mkokoteni, na mkokoteni wenyewe unamkumbusha.

Dawa za kutuliza nazo ziko katika kundi hili. Daktari anaweza kuziona zinafaa kwa mnyama ambaye hofu yake imepita kiasi, na uamuzi ni wake. Ila imeonekana kwa panya kwamba hofu iliyozimwa wakiwa wamepewa dawa za kupunguza wasiwasi hurudi dawa ikiisha mwilini. Akianza kwa dawa, masomo yaendelee dawa inapopunguzwa na baada ya kuachwa.

Upo msaada mmoja rahisi wa kubeba. Mwaka 1993 Cody Brooks na Bouton waligundua kwamba ishara ndogo iliyokuwapo wakati wa kuzima lile funzo la zamani, ikiletwa tena baadaye, hupunguza kurudi kwake. Chagua kitu kimoja, kama njuga ndogo shingoni au kitambaa cha rangi kwenye hatamu, akivae katika kila kipindi cha mafunzo na si wakati mwingine wowote. Siku ya kwanza sokoni mvalishe. Isikufanye uruke mahali pengi pa mafunzo, lakini inasaidia.

Hatua ya saba: siku hofu itakaporudi

Itarudi. Cha kwanza ni kujua imeingilia mlango gani, kwa kuwa kila mmoja una namna yake ya kufungwa.

Ikiwa alikaa muda mrefu bila kuona pikipiki, labda mliacha kazi msimu wa mvua, basi ni muda tu. Mpe vipindi vichache vya kumkumbusha akiwa mbali, na tangu hapo usikubali miezi ipite bila marudio. Ikiwa imerudi mahali pageni, au na mtu mgeni, hatua ya sita haikukamilika. Irudie hapo hapo paliposumbua.

Mlango wa tatu haushukiwi na wengi. Punda alichapwa na mtoto kisimani, au alipigwa sindano, au aliumizwa na mkanda, na siku iliyofuata akaikimbia pikipiki ambayo haikuhusika kabisa. Hayo ndiyo ya Rescorla na Heth. Baada ya tukio lolote la maumivu, mpe siku za kupumzika, kisha umrudishe ngazi kadhaa nyuma kabla ya kwenda barabarani. Waambie wote wanaomgusa, watoto wakiwamo, kwamba fimbo moja inaharibu kazi ya watu wote.

Mlango wa mwisho ndio mzito: amegongwa tena, au amekoswakoswa. Hapo hofu hushika upesi, kwa tukio moja, kwa kuwa ya zamani ilikuwa bado ipo. Anza kama mgonjwa mpya, kuanzia kukagua mwili.

Yakikutokea barabarani, fanya hivi. Simama. Usivute kamba mbele wala kuinua fimbo. Kama pana nafasi, mtoe pembeni kwa kuzunguka, aweze kuiona pikipiki huku umbali unaongezeka. Mwombe mwenye pikipiki azime. Subiri shingo ishuke na mdomo uanze kutafuna, kisha toa karoti, kisha nendeni nyumbani kwa njia ya kimya. Usijaribu kumshinda siku hiyo.

Usikate tamaa pia. Katika utafiti wake mwingine wa 2002, Quirk aliona kwamba hata pale hofu ya panya iliporudi baada ya siku kadhaa, kuizima mara ya pili kulikuwa kwepesi kuliko mara ya kwanza. Lile somo la usalama lilikuwa bado limo, limefunikwa tu. Wanaofundisha wanyama huliona hivyo hivyo: marudio huenda haraka kuliko mwanzo.

Na wapo wanaohitaji kinyume cha haya yote, yaani hofu isizimike. Sanamu la shambani hutisha ngedere siku za kwanza, kisha linazoeleka, kwa sababu halimfanyi mtu chochote. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walitoa taarifa kwamba tembo wa Samburu waliposikia sauti ya nyuki waliochokozwa, wengi waliondoka. Uzio uliotokana na kazi hiyo, kama ule wa wakulima wa Sagalla huko Taita Taveta, una mizinga yenye nyuki wa kweli. Tishio lenye mwiba ndani yake halichakai upesi kama tishio tupu.

Hatua ya nane: kumrudisha kazini

Siku ya kwanza ya kazi asibebe mzigo utakaokutia hasara akiumwaga. Madumu mawili yanatosha, njia fupi, saa isiyo na msongamano, wewe ukitembea kando ya bega lake na karoti mfukoni. Kila pikipiki inapopita, kipande kimoja. Wiki zinazofuata ongeza mzigo kabla ya kuongeza msongamano. Karoti zipunguze polepole, usizikate ghafla: kwanza kila pikipiki, kisha moja kati ya mbili, kisha mara mojamoja bila mpangilio, na hizo za mara mojamoja usiziache.

Weka daftari. Tarehe, mahali, umbali, kama alitafuna. Mistari miwili kwa siku inatosha kukuonyesha mlango ambao hofu inapenda kupitia.

Kwa mtoto wa punda, fanya haya kabla hofu haijaingia. Huko Morogoro, shirika la APOPO, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, huanza kuwazoesha watoto wa panya kwa watu, sauti na mambo ya nje wakiwa wachanga, na kuwatuza kwa chakula kama ndizi. Mtoto wa punda anayetembea na mama yake mtulivu, akasikia injini kutoka mbali huku ananyonya, anaingia barabarani na kumbukumbu njema nyingi za pikipiki kabla ya ile mbaya ya kwanza.

Wapo pia punda ambao, ukishafanya yote haya kwa miezi, bado wanaganda na kutetemeka barabarani. Hao usiwalazimishe. Mkokoteni kwenye barabara ya pikipiki na punda mwenye hofu ni ajali inayosubiri, kwake, kwako na kwa mwendesha bodaboda. Mpe kazi ya shambani, ya kubeba kuni au maji kwa njia za miguu, au umbadilishe na jirani ambaye njia zake hazina magari, na umweleze jirani huyo kila kitu ulichoandika kwenye daftari.